Mtembeleeni Mzee Pamoja

Wapendwa mume na mke, huenda jioni zenu zimebaki za kuzungumzia karo na madeni tu. Mchagueni mzee mmoja jirani anayeishi peke yake, ambaye watoto wake wako mbali, mwende kumwona pamoja kila wiki, siku ile ile. Siku msiyofika atakaa mlangoni akitazama njia, kwa hiyo msiahidi msichoweza.

Si lazima mbebe kitu. Tangu mwaka 2018, mpango wa serikali wa Inua Jamii huwapa wazee waliosajiliwa, wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Lakini pesa hazimwulizi mtu amelalaje. Mume achote maji na kufagia (naam, mume!), mke aketi asikilize, kisha mbadilishane.

Ikiwa ni mjane, mwulizeni habari za mwenzake aliyefariki. Atawasimulia walivyonuniana, nani aliyeanza kusema, na neno ambalo hakuwahi kumwambia. Mtarudi nyumbani polepole, kila mmoja akifikiria neno lake mwenyewe, na pengine mmoja wenu atalisema kabla hamjafika mlangoni.