NENO "BANK" NA MAANA ZAKE

Wengi wanaojifunza Kiingereza hudhani ya kuwa kila neno lina maana moja tu, na kwamba mtu akiisha kuijua maana hiyo, amelijua neno lenyewe. Sivyo. Yako maneno mafupi, ya kila siku, ambayo maana yake hugeuka kwa kufuata maneno yaliyo jirani nayo. Moja katika hayo ni "bank". Watu wa Minjila, karibu na Garsen, pale zikutanapo njia za Malindi, za Hola na Garissa, na za Lamu, wana haja ya kulijua vema, kwa kuwa wao wana shughuli na fedha na vile vile wana shughuli na Mto Tana.

Chukua mfano huu. Mzee mmoja apata tangazo lililoandikwa kwa Kiingereza, naye ampa mjukuu wake aliye shuleni amsomee. Limeandikwa: "The river has burst its banks." Mtoto afikiri kidogo, kisha asema, "Babu, wanasema mto umevunja benki." Mzee acheka, kwa maana ajua kuwa benki haikujengwa mtoni, naye aliweka tangazo kando. Kumbe maana yake ni hii: mto umefurika, maji yamepita kingo zake na yanaenea mashambani. Kosa la neno moja laweza kumpotezea mtu mpunga wake, ng'ombe wake, hata roho yake.

Basi maana ya kwanza ya "bank" ni ukingo wa mto, yaani ardhi iliyoinuka kando ya maji. Maana ya pili ni nyumba ya kuwekea fedha, na neno hilo limeingia katika Kiswahili kuwa benki. Jina la nyumba hiyo lilitoka Italia, ambako zamani wabadilishaji wa fedha walikaa sokoni, kila mmoja na meza yake ndefu kama benchi. Hivyo benki na benchi ni maneno ya ukoo mmoja, ingawa siku hizi hayafanani kwa kazi.

Kutokana na maana hizo yamezaliwa mengine. "Sandbank" ni fungu la mchanga ndani ya maji, lile linalokwamisha mtumbwi. "Blood bank" ni akiba ya damu ya wagonjwa hospitalini. Nayo "to bank on" ni kutegemea jambo, kama vile mtu ategemeavyo fedha alizoziweka.

Lakini liko jambo moja linalotatanisha zaidi. Katika Kiswahili, mtu asimamaye kando ya mto husema "ng'ambo". Neno hili hufuata mahali alipo msemaji. Aliye upande wa Malindi akisema ng'ambo, ana maana ya upande wa Lamu; na aliye upande wa Lamu akisema neno lilo hilo, ana maana ya upande wa Malindi. Kiingereza cha matangazo hakifuati desturi hiyo. Husema "right bank", yaani ukingo wa kulia, na "left bank", yaani ukingo wa kushoto, na majina hayo hayabadiliki hata msemaji akivuka.

Kanuni yake ni nyepesi. Simama, uupe mgongo upande mto unakotoka, na uelekeze uso maji yanakokwenda. Mkono wako wa kulia ndio "right bank", na wa kushoto ndio "left bank". Mto Tana hutoka katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukasafiri yapata kilometa 1,000 hata kufika baharini Kipini. Kwa hiyo, kwa mtu wa Garsen, upande wa Malindi ni ukingo wa kulia, na upande wa Witu na Lamu ni ukingo wa kushoto.

Maneno mawili zaidi hufuatana na hayo. "Upstream" ni upande mto unakotoka, na "downstream" ni upande unakokwenda. Huko juu yako mabwawa ya umeme, kama Kindaruma lililomalizika mwaka 1968 na Masinga lililomalizika mwaka 1981. Mabwawa yakijaa kupita kiasi, maji ya ziada hushuka mtoni, na wakaao chini huonywa, kama ilivyokuwa mwaka 2024. Onyo lisemalo "people living downstream" linawahusu watu wa Garissa, Hola na Garsen, ingawa mabwawa yenyewe yako mbali nao, na ingawa mbingu yao haina wingu hata moja. Mvua yaweza kunyesha milimani, na mafuriko yakafika pwani.

Msomaji na ajaribu kufasiri sentensi hizi tatu kabla ya kutazama majibu.

1. "His money is in the bank."
2. "The cattle are on the left bank."
3. "Do not bank on the road being open."

Majibu: 1. Fedha zake zimo benki. 2. Ng'ombe wako ukingo wa kushoto. 3. Usitegemee kwamba barabara itakuwa wazi.

Atakayekutana na neno "bank" asikimbilie maana aliyoizoea. Na aulize kwanza: linazungumziwa jambo gani hapa, fedha au maji? Na mtoto asomaye tangazo kwa ajili ya wazee asione haya kurudia kusoma mara ya pili, kwani wengine watahama au watakaa kwa kulitegemea neno lake.