Huduma za Watoto Wenye Ulemavu: Zilikotoka na Wajibu wa Mzazi

Nchini Tanzania, shule za kwanza za watoto wenye ulemavu zilianzishwa na makanisa. Mwaka 1950 Kanisa Anglikana lilifungua shule ya wasioona Buigiri, Dodoma. Mwaka 1963 Walutheri walifungua ya wasioona Irente, Lushoto, na Wakatoliki wakafungua ya viziwi Tabora. Mwaka 1967 Jeshi la Wokovu lilianzisha Shule ya Msingi Matumaini, Dar es Salaam, kwa watoto wenye ulemavu wa viungo.

Enzi hizo polio ilikuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya ulemavu wa viungo. Mtoto aliyepooza mguu alihitaji mambo mawili kwa pamoja: elimu na utengamao, yaani mazoezi ya viungo, magongo au vyuma vya miguu, na stadi za kujitegemea. Ndiyo maana shule za bweni zilifaa: darasa na huduma vilikuwa mahali pamoja.

Chanjo imebadili hali hiyo. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili nchini aliripotiwa mwaka 1996. Hata hivyo, ulemavu mwingine bado upo, na mwingine hurekebishika ukiwahiwa. Mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo, akianza matibabu katika wiki zake za kwanza, hunyooshwa mguu kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kisha huvaa viatu maalumu, hasa usiku, hadi afikie umri wa miaka minne hivi. Akicheleweshwa, huenda akahitaji upasuaji mkubwa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeyafanya matibabu, utengamao na elimu kuwa haki. Lakini historia ya vituo hivyo inafundisha jambo moja: kituo humsaidia mtoto aliyefikishwa tu. Aliyefichwa ndani hana daftari linalomtambua.

Kwa wakazi wa Kisiwa cha Rukuba, ambako safari ya rufaa huanza kwa kuvuka maji ya Ziwa Victoria, kuwahi kuna uzito zaidi. Mzazi anayeona dalili kwa mwanawe aanzie kwa mhudumu wa afya aliye karibu na kuomba rufaa. Naye mwenyekiti wa kitongoji ahakikishe kila mtoto mwenye ulemavu anajulikana kwa mtendaji wa kijiji na kwa mwalimu mkuu. Ulemavu si aibu ya nyumba. Kumficha mtoto ndiko kunakomnyima haki yake.