Somo la 9: Kusimama Naye Mlangoni

Sabato Alasiri

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Marko 1:40–45, Walawi 13:45, 46, 14:1–20, Hesabu 27:1–11, 2 Wafalme 8:1–6, Yohana 9:1–23, Isaya 38.

Fungu la kukariri: Mithali 31:8, 9. Lisomeni kwa sauti darasani. Ni maneno ambayo mama mmoja alimfundisha mwanawe aliyekuwa mfalme.

Buhemba, katika wilaya ya Butiama mkoani Mara, ni jina linalojulikana kwa dhahabu. Imechimbwa pale tangu enzi za ukoloni. Mgodi mkubwa ulifunguliwa, ukafungwa, na wachimbaji wadogo wakabaki na maduara yao. Mahali kama hapo huvuta watu kutoka kila upande: vijana wanaoshuka shimoni, wanawake wanaoponda mawe, mama lishe, wachenjuaji wa mwaloni, na wale wanaouza miili yao kwa sababu hawana kingine cha kuuza. Wengi si wenyeji. Hawana ukoo wa kuwasemea, na dhahabu ikisikika kwingine, kesho hawapo.

Virusi vya UKIMWI hupita kwa urahisi mahali pa namna hiyo, na huduma hufika kwa shida. Juma hili tunajifunza Biblia inadai nini kwa kanisa lililo jirani na watu hao. Kuwahurumia tunajua. Kuwatetea ni kazi nyingine.

Jumapili: Kwa nini kuhani?

*Soma Marko 1:40–45. Yesu alikuwa amekwisha kumtakasa mtu huyu. Kwa nini alimtuma kwa kuhani?*

Wengi wetu tunakumbuka kwamba Yesu alimgusa mwenye ukoma kabla hajapona, na hilo ni jambo la kushangaza. Lakini tazama amri iliyofuata. Chini ya sheria ya Walawi, mtu aliyetengwa hakuweza kurudi kijijini kwa kusema tu kwamba amepona. Kuhani peke yake ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kumtangaza safi. Bila neno lake mtu yule angebaki mzima wa mwili, lakini nje ya marago, bila nyumba na bila mahali katika ibada. Kwa hiyo Yesu alishughulika na ugonjwa, kisha akashughulika na ofisi.

Walawi 14:3 ina jambo ambalo mara nyingi tunalipita: kuhani ndiye aliyetakiwa kutoka nje ya marago kwenda kumtazama mgonjwa. Na Marko anamaliza kisa kwa namna ya ajabu. Aliyetengwa anaingia mjini akitangaza habari, na Yesu ndiye anayelazimika kukaa nje, mahali pasipo na watu. Wamebadilishana nafasi.

Tusifananishe VVU na ukoma wa Walawi. VVU haviambukizi kwa kushikana mikono, kula sahani moja, wala kushiriki kikombe cha Meza ya Bwana. Fungu la Walawi 13 halimpi mtu ruhusa ya kumtenga jirani yake. Tena sheria ile ilikuwa na njia ya kurudi. Umbea wa kijijini hauna.

Hapa Tanzania dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure katika vituo vya serikali mwaka 2004. Mtu anayezitumia vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya ngono, na mama anayezitumia vizuri anaweza kuzaa mtoto asiye na virusi. Basi dawa ipo. Lakini kama kuna mtu anameza dawa yake kwa kujificha nyuma ya choo ili mwenye nyumba asimfukuze, je, amerudishwa kijijini?

Jumatatu: Mabinti watano na mama mmoja

*Soma Hesabu 27:1–11. Mabinti wa Selofehadi walisimama wapi, mbele ya nani, na ni nani aliyesema kwa niaba yao?*

Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza walikuja mpaka mlango wa hema ya kukutania, mbele ya Musa, Eleazari, wakuu na mkutano wote. Hakuna mjomba aliyewatangulia. Walieleza hoja yao wenyewe: baba yao amekufa bila mtoto wa kiume, je, jina lake lifutwe na wao wakose urithi? Musa hakuwakemea kwa kuvunja desturi. Alipeleka neno lao kwa BWANA, na BWANA akasema kwamba wana haki. Sheria ya Israeli ikaongezwa kwa sababu wanawake watano walidai.

Lete kisa hiki karibu. Fikiria mjane ambaye mumewe amefariki, na ndugu wa mume wanasema ndiye aliyemleta ugonjwa. Msiba haujaanuliwa, shamba limekwisha kugawanywa. Anaweza kuwa hajui kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha desturi yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Hata akijua, atakwenda peke yake mbele ya baraza, huku kila mtu akinong'ona juu ya afya yake?

Sasa soma 2 Wafalme 8:1–6. Mama Mshunami alirudi baada ya miaka saba ya njaa akakuta nyumba na shamba lake viko mikononi mwa wengine. Akaenda kumlilia mfalme. Wakati ule ule Gehazi alikuwa akimsimulia mfalme habari za Elisha, akasema: mwanamke mwenyewe ndiye huyu. Mfalme akamwuliza mama, na mama akaeleza mwenyewe. Hapo mfalme akampa msimamizi wa kumrudishia mali yake yote, pamoja na mazao ya shamba tangu siku alipoondoka.

(Huyu Gehazi ndiye ambaye sura ya 5 ilimwacha na ukoma. Wafafanuzi wanabishana kuhusu mpangilio wa matukio. Hata hivyo inafaa kutafakari kwamba ushahidi uliomsaidia mama ulitoka kinywani mwake.)

Huo ndio utetezi kwa kipimo cha Biblia. Gehazi hakumnyang'anya mama kesi yake. Alithibitisha, kisha akamwachia nafasi aseme.

Jumanne: Siri si dhambi

*Soma Yohana 9:18–23. Kwa nini wazazi wa kipofu hawakutaka kusema walichokijua?*

Yohana anajibu waziwazi: waliogopa kutengwa na sinagogi. Kanisa la siku zile lilikuwa limeifanya kweli kuwa ya hatari.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulikuta kwamba kati ya kila watu wazima 100 wanaoishi na VVU nchini, karibu 17 hawakuwa wanajua hali yao. Lakini kati ya waliojua, karibu 98 katika 100 walikuwa wakitumia dawa. Fikirini hesabu hiyo kwa utulivu. Wanaokwisha kupima na kujua, wengi wao sana wanatibiwa. Wanaopotea zaidi ni wale wasiofika kupima, na mara nyingi kinachowazuia ni kile walichokiogopa wazazi wale.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inasema mtu asilazimishwe kupima, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Majibu ni siri, na sheria imeweka wachache tu wanaoweza kupewa. Inakataza pia kumnyima mtu kazi, shule au huduma kwa sababu ya VVU.

Sheria hiyo inaingia hata kanisani. Mchungaji anaweza kuwashauri wachumba wakapime pamoja, na ni ushauri mwema. Kudai cheti cha majibu ili kikasomwe na baraza la kanisa ni jambo jingine. Vivyo hivyo ombi la sala: "Tumwombee dada fulani, mnajua tatizo lake." Maneno yametoka kwa upendo, lakini Jumatatu dada yule ataambiwa asiguse unga wa kikundi.

Jumatano: Mkate wa tini

*Soma Isaya 38:1–6, 21.*

Hezekia alikwisha kuahidiwa miaka 15, na bado nabii akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Mwaka 2011 maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, na wako walioacha dawa zao. Anayemwambia mgonjwa aache dawa ili aonyeshe imani anadai kitu ambacho Isaya hakukidai.

Alhamisi: Wale tusiowaalika

Mwaka 1987 nchini Uganda, Noerine Kaleeba alifiwa na mumewe Christopher, aliyeambukizwa kwa damu aliyoongezewa hospitalini. Mwaka huo huo, pamoja na wenzake wachache ambao wengi wao walikuwa na virusi, alianzisha shirika la TASO. Walianza kwa kukaa pamoja na kusema kwa sauti yale ambayo wengine waliyanong'ona. Wagonjwa wakawa wasemaji.

Hilo linatupa njia ya kuwaendea watu wa machimboni. Ukitaka kumtetea mchimbaji, muulize kwanza. Huenda atakuambia kwamba shida yake ni siku ya kliniki inayoangukia siku ya kugawana mawe, au kwamba alihamia duara jipya bila barua ya uhamisho. Mtu aliye imara kwenye dawa anaweza kupewa za miezi mitatu, hata sita. Kuna asiyejua kwamba anaweza kuuliza. Tena vumbi la mawe na kifua kikuu vinamngoja huko huko, na kifua kikuu ni hatari kubwa kwa mwenye VVU.

Na yule anayeuza mwili wake? Kanisa halibadilishi fundisho lake juu ya ndoa. Ila katika Yohana 9:1–3 wanafunzi walitaka kujua kwanza nani alitenda dhambi, na Yesu akaliacha swali lao akashughulika na macho ya mtu. Haki ya kutibiwa bila kutukanwa haitolewi kama zawadi ya mwenendo mwema.

Mwanzoni mwa 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje, huduma nyingi za VVU barani Afrika zilitikisika. Walioumia mapema ni hawa walio pembeni, waliofikiwa na wahudumu wa kijamii. Kuuliza katika mkutano wa kijiji, au kumwuliza diwani, ni nani sasa anayewafikia, ni kazi halali kabisa ya mzee wa kanisa au mama wa Dorkasi.

Ijumaa: Jifunze zaidi

Soma Isaya 58:6–10. Angalia kwamba kufungua vifungo kumetajwa kabla ya kugawa mkate.

Maswali ya kujadili

1. Ikiwa mjane mwenye VVU angeomba mtu wa kufuatana naye kwenye baraza la ardhi, nani katika darasa lenu angekwenda? Angehitaji kujua nini kwanza?

2. Ni desturi gani katika kanisa lenu, hata yenye nia njema, inayoweza kufichua siri ya mtu? Itabadilishwaje?

3. Yesu alibaki nje ya mji ili mwenye ukoma aingie. Kanisa lenu liko tayari kupoteza nini, kwa mfano sifa yake, ili mwanamke kutoka machimboni aketi kwenye benchi la mbele?

4. Nani anayeishi na VVU ambaye mmewahi kumsikiliza, bila ninyi kumfundisha neno?