Sukari baada ya kongosho kukatwa

SWALI: Daktari, mama yangu alikatwa mkia wa kongosho kwa sababu ya uvimbe. Hakuwahi kuwa na kisukari. Sasa asubuhi kabla ya kula sukari inasoma 8.2, na siku nyingine anatetemeka na kutokwa na jasho. Ni kisukari?

JIBU: Huenda ndiyo. Maabara ikipata 7.0 au zaidi mara mbili, kabla hajala, hicho ni kisukari. Chembe zinazotengeneza insulini zimejazana zaidi mkiani, hivyo zilizobaki huweza kuzidiwa, hata miaka kadhaa baadaye.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kule kutetemeka. Kongosho hutoa pia glukagoni, homoni ya kupandisha sukari inaposhuka, nayo huenda imepungua. Akitetemeka, mpimeni, ikiwa chini ya 4, apewe papo hapo soda ya kawaida (si ile isiyo na sukari). Na asiazime dawa za kisukari za jirani!

Kongosho husaidia pia kusaga chakula, hivyo choo kikiwa na mafuta na kuelea, huenda akahitaji vidonge vya vimeng'enya wakati wa kula. Akivianza, sukari yaweza kupanda. Mpelekeni kliniki ya kisukari wiki hii, pamoja na ripoti ya upasuaji.