Mlezi wa Kikundi cha Watu Wazima

*Shikamoo Shangazi,*

*Nina miaka 57, naishi Tanga. Mwaka 2012 nilikusanya wanawake wenzangu wa mtaani tukaanzisha VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, chini ya mwembe wa jirani. Leo tuko 30, tumesajiliwa, tuna akaunti benki, na kila tukivunja mzunguko tunagawana bila mtu kulia. Mwenyekiti ni mimi tangu siku ile. Katiba yetu ilisema mwenyekiti akae miaka mitatu, akipendwa aongezewe mitatu. Ilipotimia sita nikawaambia wenzangu kipengele hicho kinatubana. Wakanyoosha mikono, tukakifuta.*

*Sasa mweka hazina wetu, binti wa miaka 31 aliyesomea uhasibu, amesimama kikaoni akauliza uchaguzi ni lini. Hakunitukana, aliuliza tu. Wengine wakainamisha vichwa. Tangu hapo usingizi umeniruka. Shangazi, sanduku linalala chumbani kwangu, ufunguo mmoja ninao, na haijawahi kupotea hata shilingi. Mwaka jana nilipokwenda Mwanza miezi miwili kumhudumia mwanangu aliyejifungua, vikao vilisimama mpaka niliporudi. Si ushahidi huo kwamba bila mimi kikundi kitakufa?*

*Nafikiria niachie uenyekiti ila wanifanye mlezi, mambo makubwa yapitie kwangu. Mbona hata Mwalimu Nyerere alipoacha urais alibaki mwenyekiti wa chama? Baba watoto anasema niache yote. Nisaidie.*

*Mwenyekiti, Tanga*

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama palepale, kwenye sanduku. Wewe unajua kuliko mimi kwa nini sanduku la VICOBA lina kufuli tatu. Funguo hukaa kwa watu watatu, na anayelilaza sanduku nyumbani kwake hapewi ufunguo. Wewe unalo sanduku, na ufunguo unao. Nakuamini kwamba hujagusa hata shilingi. Lakini kufuli zile hazikuwekwa kwa ajili ya mwizi peke yake. Ziliwekwa ili hata mwaminifu asiweze kufungua peke yake, na wenzake wasilazimike kumchunguza usoni kila wiki. Sidhani kama ulipanga iwe hivi. Nahisi mtunza ufunguo mmoja alihama au alifiwa, ukasema nipe nikushikie, na kushika huko hakukuisha. Madaraka mengi huingia nyumbani kwa mtu kwa mlango huo wa kusaidia.

Sasa Mwanza. Unaniletea miezi ile miwili kama ushahidi wa umuhimu wako. Mimi nikiwa mwanachama wako ningeiandika kwenye daftari la malalamiko. Wanawake 29 hawakuweka hisa wala kukopa kwa sababu mmoja alikwenda kuogesha mjukuu! Huenda kuna aliyekuwa na ada ya mtoto, au mtaji wa dagaa uliokatika. Katibu alikuwapo, mweka hazina alikuwapo, lakini ufunguo ulikuwa kwenye mkoba wako, kando ya ziwa. Kikundi hakikushindwa kwenda bila wewe. Hakikuachiwa njia ya kwenda.

Hukuniandikia utamu wa cheo, basi niuandike mimi, maana naujua. Arusini unavutiwa kiti cha mbele na mshereheshaji anatamka cheo chako kabla ya jina. Saa tano usiku simu inaita, mtu anaomba umfikirie kwenye mkopo, nawe unalalamika kwamba hawakupi nafasi ya kupumzika, lakini siku isipoita unaikagua kama ina chaji. Ukiingia, maongezi yanapungua sauti. Anayetarajia kukopa anakuletea samaki wawili, "kidogo tu, mama", na unapokea kwa sababu kukataa ni utovu wa adabu. Hakuna dhambi kubwa hapo. Ila ukilishwa hivyo tangu 2012, swali la binti kuhusu tarehe ya uchaguzi lazima likutoe usingizini.

Niliwahi kuongoza kamati ya wazazi kwa miaka minane. Nilipotoka, kikao cha kwanza nikakaa benchi la nyuma kwa unyenyekevu wote. Mzazi akamuuliza mwenyekiti mpya swali kuhusu michango ya chakula, na kabla yule mama hajafungua mdomo nikasikia sauti inajibu. Ilikuwa yangu. Chumba kizima kikageuka. Nikajifanya nimepaliwa, nikatoka kutafuta maji. Ilinichukua karibu mwaka mzima kujifunza kukaa benchi lile, na ndiyo maana nasema uongozi una mafunzo na semina zake, lakini kurudi kuwa mwanachama wa kawaida hakuna anayekufundisha.

Kuhusu Mwalimu, umeshika mfano halali, tuutazame wote basi. Alikabidhi urais kwa Ali Hassan Mwinyi tarehe 5 Novemba 1985, akiwa na miaka 63, hakuna jeshi lililomtoa wala kura zilizomkataa. Neno kung'atuka, alilolitoa kwao Uzanaki, tulilizoea kutokana na hatua ile. Na kweli, uenyekiti wa CCM aliushika mpaka 1990. Lakini tazama miaka mitano ile ilivyokuwa kwa aliyepokea. Mzee Mwinyi alikuta maduka matupu. Mwaka 1986 serikali yake ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, lilelile ambalo Mwalimu alibishana nalo kwa miaka na kukataa masharti yake. Na katika mfumo wa chama kimoja, chama ndicho kilichoshika hatamu, kwa hiyo rais alikuwa na mwenyekiti juu yake. Mwinyi aliupokea uenyekiti Agosti 1990. Februari 1991 chama kikakaa Zanzibar na kulegeza yale masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha. Sisemi nani alikuwa sahihi, wazee wenzangu wangali wanabishana hadi leo kwenye bao. Nasema tu kwamba Mwalimu alipoachia kiti cha chama, badiliko lile lilisubiri miezi, si miaka.

Kipande unachokiacha nje ni baada ya 1990. Mwalimu hakuwa na cheo chochote nchini, na hakunyamaza. Aliandika kitabu cha kuukemea uongozi, na mwaka 1995 aliita waandishi wa habari akasema mambo ambayo nchi nzima iliacha kazi kusikiliza. Hakuwa na faili la kusaini wala mtu wa kumteua. Wewe unaogopa ukiacha kiti hutasikika. Kama ulichowafanyia wenzako ni kweli, utasikika ukiwa benchi la nyuma, tena ukiulizwa.

Ndiyo maana huo ulezi siupendi. Mlezi wa nani? Wenzako ni watu wazima, wengine wana wajukuu kama wewe. Ulivyoueleza, mambo makubwa yapitie kwako, huo si ulezi. Ni uenyekiti usio na uchaguzi, na mwenyekiti mpya atakuwa karani wa kupeleka habari kwako na kurudi na majibu. Mumeo ameliona hilo kwa maneno mawili, nami nimetumia gazeti zima.

Nenda hivi. Jumamosi hii, au siku yoyote ya kikao chenu, toa ufunguo mbele ya wote, achaguliwe wa kuushika. Kikao hichohicho omba kipengele mlichokifuta kirudishwe kama kilivyokuwa. Nawe useme wazi kwamba kwa katiba ile zamu yako iliisha 2018. Uzito wa sentensi hiyo ukishaubeba, mengine ni mepesi. Wekeni tarehe ya uchaguzi, usigombee, na usimpigie kampeni binti wa uhasibu wala kumzunguka pembeni. Pengine watamchagua mwingine kabisa. Akipatikana mtu, nendeni pamoja benki mkabadilishe watia saini. Watu husahau hili, mwenyekiti mpya anabaki kumfuata wa zamani nyumbani kila akitaka kutoa fedha, na wa zamani anajisikia vizuri sana.

Halafu simu. Itaita kwa miezi mitatu hivi, hasa usiku. Jibu moja tu, "mpigie mwenyekiti", na ukate kabla hujaongeza "lakini mimi ningeshauri". Hapo ndipo wengi wetu tunaporudi ofisini kwa dirisha.

Kuna jambo moja ambalo barua yako haikulitaja. Yule binti, ulimjibu nini pale kikaoni? Kama hukumjibu, mtafute kabla ya Jumamosi umpe tarehe.