KANUNI ZA CHUO BAADA YA KUKHITIMU

Jua, ewe ndugu, ya kuwa kanuni za chuo ni za namna mbili. Namna ya kwanza imewekwa na mwalimu kwa ajili ya utaratibu: saa ya kuingia, ruhusa ya kutoka, kutosoma kwa mwingine bila ya idhini. Hiyo yampasa mwanafunzi maadamu yu chuoni, na hukoma siku akhitimupo. Aliyesoma Iringa kisha akahamia Mbeya kwa biashara haitwi muasi kwa kuiacha, wala mwalimu hana haki ya kumrudi kwayo.

Namna ya pili haikutoka kwa mwalimu, bali ni sheria: kusali, kusema kweli, kurejesha msahafu alioazima, kulipa ada iliyosalia. Hiyo haikomi, umbali wa njia haufuti deni.

Na heshima ya mwalimu je? Mtazame Imamu Shafi. Alisoma Madina kwa Imamu Malik, aliyefariki mwaka 179 Hijria (795). Baadaye alikhitalifiana naye katika mas-ala mengi, wala hakuacha kumtukuza. Basi kukhitalifiana rai si kuvunja adabu. Wallahu aalam.