SIKIO LA INJINI LIKIUGUA

Wenye motokaa wa Musoma, Bunda na Butiama hushtuka wanapoona taa ya injini imewaka mbele yao. Na wengi, wakiisha kuambiwa na mashine ya fundi kwamba kosa ni P0325, huenda dukani siku ile ile kununua sensa mpya ya kugonga. Twapenda kueleza leo kwa nini haraka hiyo huwapotezea watu fedha.

Kwanza yafaa kujua kazi ya kidude hiki. Ndani ya silinda, petroli iliyochanganyika na hewa huwashwa na cheche ya plagi, nayo yapasa iungue kwa mfululizo, kama moto upitao katika majani makavu. Pengine sehemu ya mchanganyiko ule hulipuka yenyewe kabla moto haujaifikia. Ndipo injini hugonga, mlio kama wa misumari inayotikiswa koponi, na ikizidi kugonga hivyo pistoni huweza kutoboka. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa Marekani alivumbua kwamba dawa yenye madini ya risasi, ikitiwa kidogo katika petroli, huzuia kugonga. Lakini risasi ni sumu, na nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliacha kuitumia mwanzoni mwa mwaka 2006. Motokaa za siku hizi zina sikio. Sensa hufungwa katika bloku ya injini, na ndani yake mna kipande cha fuwele ambacho kikitikiswa hutoa umeme kidogo. Kompyuta ya gari ikipata habari hiyo huchelewesha cheche, na kugonga hukoma.

Tuseme mtu ana Toyota, achukua abiria toka Musoma mpaka Bunda. Sikio likiziba, kompyuta huogopa, kwa kuwa haisikii tena. Basi huchelewesha cheche wakati wote. Mwenye gari haoni neno akiwa peke yake, lakini siku apakiapo abiria wengi na kupanda kwenda Butiama, gari huwa zito na petroli huisha upesi. Katika Toyota nyingi kosa hili halionekani injini ikiwa katika mzunguko wa chini. Hutokea ikipita mizunguko 2,000 kwa dakika. Kwa hiyo fundi afutaye kosa uani na kusema gari limepona hajalipima bado.

Sasa sikilizeni vema: namba P0325 haisemi kwamba sensa imekufa. Yasema kwamba habari zake hazifiki sawasawa. Huenda panya wametafuna waya, au soketi imeingia kutu au mafuta. Fundi na aanze hapo. Aichomoe soketi, aitazame, kisha apime kwa mita waya utokao kwenye sensa mpaka kwenye kompyuta, akiutikisa wakati wa kupima, maana waya uliokatika ndani ya ganda lake hudanganya.

Waya ukiwa mzima, ndipo sensa ipimwe. Zile za zamani za Toyota, zenye waya mmoja, hazitakiwi kupitisha umeme kati ya ncha yake na mwili wake, zikipitisha, zimeharibika. Zile bapa zenye nyaya mbili, katika injini nyingi za Toyota, huonyesha kilohmu 120 hadi 280 zikiwa za baridi. Vipimo vya gari jingine vitafutwe katika kitabu chake.

Kuna hila moja tusiyoipenda hata kidogo. Mafundi wengine huunga rezista mahali pa sensa ili kompyuta idhani yote ni salama. Taa huzimika, mwenye gari hushukuru na kulipa. Wakaao kando ya Ziwa la Victoria, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, wana nafuu: hewa yao ni nyepesi kuliko ya Pwani, na hewa nyepesi hupunguza kugonga. Basi gari lililozibwa sikio laweza kwenda Musoma mwaka mzima bila taabu, kisha likateremka Dar es Salaam na mzigo, likagonga hata kuvunjika, wala kompyuta isijue.

Tena, injini ikigonga kweli, sensa haina kosa. Yafanya kazi yake. Tazameni joto la injini, plagi zisizo za aina yake, na petroli iliyotiwa mafuta ya taa, ambayo hugonga upesi sana. Uovu huo ndio uliosababisha mafuta kuanza kutiwa alama nchini Tanzania mwaka 2010, ili yaliyochanganywa yatambulike.

Ikiwa sensa imekufa hakika, mahali pake pasafishwe hata chuma kionekane, wala pasitiwe washa ya kuongeza. Ile bapa ikazwe kwa spana ya kupimia, nguvu yapata Nm 20. Ikilegea haisikii vema, na ikikazwa mno husikia vibaya au hupasuka. Kisha kosa lifutwe, na gari lipelekwe njia ile ile ya Butiama, na abiria wengi kama siku ile, mizunguko ikipita 2,000. Taa isipowaka mpaka kurudi Musoma, fundi alipwe.